Lionel Pashley Anamkabidhi Kanali Wake

Wapendwa wenzangu wa Ngome ya Wexmoor, mlio kazini na mliokwisha kustaafu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Hamjambo huko mliko? Muriel, goti limeikubali ile dawa mpya? Na wewe Hector, tulisikia umelazwa na umeshatoka, tukakuombea kwa jina kanisani Jumapili iliyopita. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, majani yameziba mifereji ya paa kama kila mwaka, na Mungu angali anatupa pumzi.

Bi Rosalind Tench, mkuu wetu, amenipa kazi ya kuandika wasifu wa Lionel Pashley, ambaye anastaafu Jumatatu tarehe 31 Oktoba 2016, baada ya kuwaongoza wageni katika ngome hii kwa miaka thelathini na saba na miezi saba. Nilipopewa kazi hiyo nilitaka kuikataa. Kisha nikafikiri: nani anamjua Lionel kuliko mimi? Nimemwonea wivu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mtu unayemtazama kwa makini kama yule unayemwonea wivu. Najua anavyokohoa kabla ya kuanza. Najua mkono upi anauweka kwenye komeo la lango. Basi nikakubali.

Wasifu huu una swali ndani yake, na ni vyema mlijue tangu sasa. Kama mnavyojua, hapa Wexmoor tunagawana wafu. Kila mwongoza wageni ana watu wake wa kale, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuwasimulia. Anayestaafu humtaja mrithi wake, kisha waongoza wageni wote walio hai huulizwa, hata waliostaafu, na mmoja tu akisema hapana, mrithi hapati. Si mchezo. Mwaka 1987 Muriel aliandika "hapana" nyuma ya kadi yenye picha ya punda, na yule askofu mlevi wa mnara wa mashariki akakaa miaka mitatu bila kusimuliwa na mtu, mpaka Muriel alipolegea.

Lionel anamwacha Kanali Ambrose Quarrell. Amenitaja mimi. Nawaomba, kabla hamjajibu, msome mpaka mwisho, kwa maana kuna jambo nililolifanya mwaka 1994 ambalo hamlijui.

Lakini kwanza Lionel mwenyewe.

Alikuja hapa Jumatatu tarehe 2 Aprili 1979, si kuongoza wageni bali kulinda maegesho ya magari. Kabla ya hapo alikuwa kondakta wa basi kwa miaka tisa, na shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tano. Mzee Ewart Blissett, aliyekuwa na Kanali wakati huo, alimkuta akiwasimulia wageni waliokuwa bado wanafunga milango ya magari yao, tena anasimulia vizuri kuliko yeye. Ewart hakufurahi. Alimwambia, "Wewe kijana, ukitaka kumwua Kanali, njoo umwulie ndani, usimwulie kwenye matope." Miaka miwili baadaye akamkabidhi.

Kwa wale mliokuja baada ya hapo na kupewa vyumba vya mbali, Kanali Quarrell ndiye aliyeshika ngome hii wakati Mfalme Charles wa Kwanza alipopigana na Bunge lake. Ngome ilikuwa ya Mfalme. Jeshi la Bunge liliizingira majuma kumi na moja, watu wakala farasi, kisha wakala ngozi za matandiko. Kanali alikuwa amemwapia Mfalme kwa mkono juu ya Biblia. Alfajiri ya tarehe 19 Februari akashuka peke yake, akafungua lango. Watu tisa walikufa pale pale langoni kabla hawajajua kumetokea nini. Baada ya hapo watu wa Mfalme walimwita msaliti, na watu wa Bunge hawakumwamini hata kumpa ufunguo wa zizi. Alifia katika nyumba ya wageni, hana wa kumfumba macho. Katika wilaya yetu jina lake halijapoa hata leo. Kipa wa timu yetu akifungwa mabao matatu, mashabiki humwimbia "Quarrell! Quarrell!" mpaka anatamani kuingia ardhini.

Lionel alimchukua mtu huyu anayechukiwa na wilaya nzima, akamfanya apendwe. Aliwaambia wageni kwamba Kanali hakufungua lango kwa dhahabu. Aliisikia harufu ya pai ya bata bukini kutoka kambi ya adui. Hakuna ajuaye kama ni kweli, na Lionel mwenyewe husema wazi kwamba hajui. Lakini akifika hapo huweka mkono wa kushoto kwenye komeo, ananyamaza, anawatazama watu mmoja mmoja. Ananyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto huacha kutafuna. Kiangazi cha mwaka 2003 mama mmoja mtu mzima kutoka Leeds alishindwa kuvumilia, akapiga kelele, "Usifungue, mjinga wewe! Wenzako wako nyuma!" Lionel akamgeukia taratibu, akamwambia, "Mama, nina njaa." Watu wazima walilia. Niliwaona, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa kanisa dogo la ngome, nikisubiri kundi langu, na kundi langu lote lilikuwa limehamia kwake.

Mimi nina Bibi Prudence, mke wa Kanali. Muda wote wa kuzingirwa alikuwa akisali na kushona mashati ya askari. Ni mwanamke mwema na nampenda, lakini wema hauwafanyi watu wanyamaze. Mwaka juzi, nikiwa katikati ya sala yake ya mwisho, bwana mmoja aliinua mkono. Nikafurahi, nikadhani ana swali. Aliuliza choo kiko wapi.

Barnaby Keogh, kijana wetu aliyetoka kwenye jukwaa la maigizo, ana Mfalme Henry wa Nane na wake zake sita katika chumba cha picha. Simwonei wivu kwa hilo. Henry wa Nane hata angesimuliwa na bata watu wangesikiliza. Lakini Lionel alikuwa na mtu mmoja tu, mbaya, asiyejulikana nje ya wilaya hii, na alitosha. Kila Agosti wageni walipotoka langoni waliingia mkahawani moja kwa moja kuulizia pai ya bata bukini, mpaka wapishi wakalazimika kuipika. Kwa ajili ya Bibi Prudence hatujawahi kuuza hata biskuti.

Alikuwa na utani wake nami. Kila aliponipita uani alisema, "Gill mpenzi, leo umewaua wangapi kwa usingizi?" Nami nilimjibu, "Wachache kuliko wa kanali wako." Akacheka, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeshika mlango wa kanisa, nikisali dua fupi ambayo haikuwa nzuri.

Katika miaka hiyo yote amewafundisha kazi waongoza wageni kumi na wanne, nami nikiwa mmojawapo. Aliandika kijitabu cha ngome ambacho kimechapishwa mara sita. Mwaka 1998 halmashauri ilipotaka kuliondoa lango la zamani na kuweka la chuma, alisimama mbele yake kwa siku tatu akiwasimulia mafundi, mpaka mafundi wenyewe wakakataa kuling'oa. Hakuwahi kukosa kazi isipokuwa siku ya kumzika mama yake. Na katika kitabu cha wageni cha mwaka 2011 nililihesabu jina lake mara mia mbili na kumi na mbili. Langu lilikuwemo mara tisa, na moja kati ya hizo lilikuwa lalamiko kuhusu baridi ya kanisa, kana kwamba mimi ndiye niliyelijenga.

Nimesema nitawaeleza ya mwaka 1994.

Wengi wenu mlikuwepo. Lionel ndiye aliyeona kwamba Februari ile lango linatimiza miaka mia tatu na hamsini tangu lifunguliwe. Tarehe aliitoa kwenye barua ya zamani iliyo katika kabati la kioo, ambayo imeandikwa wazi: tarehe 19 Februari 1644. Akahesabu vizuri, akapata 1994. Tulishona mavazi, tukaazima mzinga, mabango yakapigwa chapa tangu Novemba, mialiko ikaenda hadi kwa askofu.

Wakati huo nilikuwa nikimsaidia kasisi wetu kunakili daftari la mazishi la kanisa la kijijini, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikimomonyoka. Septemba ya mwaka 1993 nilifika kwenye ukurasa wa wale watu tisa. Nikaona jambo la ajabu. Mwandishi wa daftari alikuwa ameandika mazishi ya Novemba 1644, kisha Desemba 1644, halafu akaendelea Januari 1644 na Februari 1644, na wale tisa wako hapo. Mwaka 1645 ulianza mwisho wa Machi. Nikadhani alikuwa amelewa. Nikampelekea kasisi.

Kasisi akacheka. Akanieleza kwamba zamani zile mwaka mpya hapa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, siku ya Mariamu kupashwa habari, wala si Januari. Februari ilikuwa mkia wa mwaka uliotangulia. Hata Mfalme Charles, alisema, tunajua alikatwa kichwa Januari ya 1649, lakini waliomhukumu waliandika 1648. "Kwa hiyo lango lilifunguliwa mwaka 1645 kwa hesabu yetu," akasema. "Mwambie Bwana Pashley, atafurahi."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo mpaka leo inanitia aibu. Kwa mara ya kwanza nilijua jambo la Kanali ambalo Lionel hakulijua. Nilipanda kilima nikiwa na nia ya kumwambia, Mungu ni shahidi wangu. Nilimkuta uani amezungukwa na watu wa gazeti, anapigwa picha na komeo. Aliponiona akaita, "Gill, mama, pisha kidogo, unaingia kwenye picha!"

Nikapisha. Nikaenda kanisani kwangu. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake nikajiambia mtu anayejua kila kitu hahitaji kuambiwa. Mabango yalipokuja nilisaidia kuyatundika. Nilishika ngazi.

Yule kasisi alihamishwa Desemba, hivyo hakuna mwingine aliyejua. Kila Jumapili nilisoma ungamo pamoja na wenzangu, nikasema nimekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, sauti ikiwa nzuri kabisa. Amri ya kumi inasema usitamani cha jirani yako. Mimi nilikuwa natamani mfu wa jirani yangu.

Jumamosi ile, tarehe 19 Februari 1994, mvua ilinyesha ya kulowesha mifupa. Ninyi mlisimama tangu asubuhi mkiwa na kofia za chuma, Muriel ukiwa umeshika bendera mpaka vidole vikawa vya bluu. Watu walifika mia nne. Mimi nilipangiwa birika kubwa la chai, kando ya safu ya mbele. Na katika safu ya mbele, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, alikaa Bi Edna Pashley, mama yake Lionel, mwenye miaka themanini, aliyekuja hapa kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimpa chai. Alikuwa akimwambia kila aliyekaa karibu, "Yule ni mwanangu. Kwetu hakuna aliyesoma, lakini yule hakosei tarehe. Muulizeni yoyote."

Lionel alikuwa ameshafika kwenye kimya chake. Mkono uko kwenye komeo. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mrefu, mwenye mwavuli, akainua sauti kutoka nyuma.

"Samahani, Bwana Pashley! Kwa kalenda ya wakati ule, Februari hiyo ni ya mwaka wetu wa 1645. Mmewahi kwa mwaka mzima!"

Watu wakacheka. Mia nne. Askofu naye alicheka, ingawa kwa adabu. Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo kwa miezi mitano bila kujua itatoka kinywani mwa nani, na ilipokuja sikuipata ile furaha. Bi Edna aligeuka kushoto na kulia. Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa wa karibu.

"Wanamcheka nini?" akaniuliza.

Nilijua jibu kuliko mtu yeyote pale uani. Nikamwuliza kama anataka sukari.

Mnakumbuka Lionel alivyojinasua. Aliwaacha wacheke, akaondoa mkono kwenye komeo, akasema, "Basi Kanali aliwahi kufungua, na sisi tumewahi kuliko Kanali! Bwana, rudi mwakani na huo mwavuli, na ninyi nyote rudini, bia ni ile ile!" Makofi yalipigwa mpaka kunguru wakaruka mnarani. Na walirudi kweli. Mwaka 1995 walikuja mia tisa, magazeti yakaandika kuhusu ngome iliyosherehekea mara mbili, na jina la Lionel likafika mbali kuliko ambavyo lingefika kama angepatia. Hata kosa lake lilizaa matunda kuliko usahihi wangu. Niliwasha mshumaa kanisani siku hiyo na sikuweza kusema ulikuwa wa nini.

Lakini Bi Edna hakuwepo mara ya pili. Alifariki Agosti ya 1994. Siku ile ya kwanza, kabla makofi hayajaisha, alimvuta mjukuu wake wa kike mkono, akasema, "Nirudisheni nyumbani."

Hilo ndilo lililo ndani yangu tangu siku hiyo. Nililizoea kama mtu anavyozoea jiwe dogo kiatuni.

Jumatatu tarehe 12 Septemba mwaka huu tulikusanyika langoni. Sote tulijua atamtaja Barnaby. Barnaby ana sauti, ana urefu, na nilikuwa nimemwona zaidi ya mara moja akijaribu komeo kwa mkono wa kushoto wakati anadhani hakuna mtu. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kupongeza. Lionel akakohoa, akasema, "Kanali aende kwa Gill."

Barnaby alipiga makofi wa kwanza, masikio yakiwa mekundu. Baadaye nilimfuata Lionel.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu Barnaby atamfanya shujaa," akasema. "Mimi mwenyewe nilianza kumfanya shujaa, nikazeeka naye hivyo. Wewe humpendi, Gill. Umekaa na mkewe miaka yote. Kanali sasa anahitaji mtu asiyempenda."

Nilikuwa nimepata nilichokitamani tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na kwa siku tatu nilikwepa kupita langoni. Alhamisi asubuhi, kabla hatujafungua, nilimkuta akipaka komeo mafuta kwa kitambaa.

"Lionel, mwaka tisini na nne nilijua."

"Ulijua nini, mpenzi?"

"Mwaka. Nilijua si wenyewe. Niliuona kwenye daftari la mazishi."

Aliendelea kupaka mafuta. "Uliuona lini?"

"Septemba ya tisini na tatu."

"Kabla ya mabango."

"Kabla ya mabango."

Kitambaa kikasimama. "Mama alikuwa pale."

"Nilikuwa naye karibu. Aliniuliza wanakucheka nini. Sikumjibu."

"Aliniuliza na mimi," akasema. "Nilipofika nyumbani. Nikamwambia walikuwa wanamcheka yule bwana na mwavuli wake. Hakuniamini. Alikuwa ameolewa na muuza samaki, alijua kicheko cha sokoni kikoje." Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Ulinichukia kiasi hicho, Gill?"

"Sikukuchukia. Nilitaka uanguke kidogo tu."

"Kidogo," akasema Lionel.

Akanipa kitambaa, akaenda nyumbani. Ijumaa hakuja. Mtu ambaye hakuwahi kukosa kazi isipokuwa kwa mazishi ya mama yake, alikosa tena kwa ajili ya mama yake, na sababu nilikuwa mimi. Barnaby alisimama langoni badala yake, na akawaambia wageni lango limefungwa kwa matengenezo, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kumsimulia Kanali.

Jumamosi Lionel alirudi. Aliongoza makundi manne kana kwamba hakuna lililotokea. Jioni alikuja kanisani kwangu, akakaa benchi la nyuma na koti lake, nami nikakaa mbele yake nikimpa mgongo, kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo.

"Jina lako sijalifuta," akasema. "Nililitaja mbele ya watu na sababu yangu bado ni ile ile. Lakini msamaha nilionao ni wa upande wangu tu, na hata huo bado nautafuta, usinikimbize. Wenzetu walisimama kwenye mvua ile. Muriel alishika bendera. Waandikie. Kama hawakutaki, mimi sitawabembeleza, nitamtaja Barnaby."

"Niandike kwenye wasifu wako? Utaharibika."

"Gill," akasema, "wasifu wangu wote ni watu wananisifu. Tia ndimu."

Basi nimetia. Barnaby nilimwonyesha karatasi hizi kwanza, maana ni haki yake. Alizisoma amesimama, akanirudishia. "Tuma tu, Bi Gill," akasema. "Wakisema hapana nitamchukua Kanali, na sitajifanya nimehuzunika. Wakisema ndiyo nitakuja kukusikiliza, lakini nitakunja uso muda wote."

Nikamwambia hiyo ni haki kabisa.

Sasa nimalizie kama inavyopasa. Lionel, kwa niaba ya wote wanaosoma hapa, asante. Asante kwa mafundi uliowazuia, kwa vijana uliowafundisha kunyamaza kabla ya kuwafundisha kusema, kwa yule mama wa Leeds, kwa pai. Asante hata kwa "unaingia kwenye picha", ambayo nimeibeba vibaya kwa miaka ishirini na mitatu na leo naiweka chini. Nakutakia asubuhi ndefu zisizo na makundi, bustani isiyo na konokono, na afya ya kupanda kilima chetu kila unapotukumbuka. Mungu akulinde, na amweke mama yako mahali ambapo hakuna anayemcheka mwanawe. Nitakuwa mwongo nikisema wivu umeniisha. Jana tu, kundi la wageni lilikuzunguka kwa picha ya mwisho, na kifua kikanibana pale pale panapobana siku zote. Lakini sasa unajua, na wao wanajua, na ninauona umepungua uzito.

Na kwenu wenzangu: Kanali namtaka. Singependa mdhani nimeandika haya yote ili mkatae kwa niaba yangu. Namtaka sana, na najua kwa nini huenda nisimstahili. Ziara ya mwisho ya Lionel ni Jumamosi tarehe 29 Oktoba, saa nane mchana. Kwa desturi, mrithi husimulia mara moja, na anayeondoka husimama katikati ya wageni kama mgeni. Mkikubali, nitasimama langoni mimi. Mkikataa, atasimama Barnaby, nami nitakuwa kanisani na Bibi Prudence, mlango wazi.

Majibu yamfikie Bi Rosalind kabla ya Ijumaa tarehe 21 Oktoba. Kadi yenye neno moja inatosha, ndiyo au hapana, na jina lako chini yake. Kama ni hapana, huna haja ya kueleza sababu.

Tafadhali jibuni upesi.

Wenu,
Gillian Murfitt
Kanisa dogo la ngome, Wexmoor